Maji Machache, Mwanga Mwingi

Ndugu vijana, katika mitaa yetu ya Uvira kuna dalili isiyokosea kwamba zamu ya sala ya jumuiya imefika katika nyumba fulani, au kwamba wazee wa mchumba wanatazamiwa, au kwamba Noeli imekaribia: madirisha yanaoshwa. Viti hutolewa uani, pazia huanikwa kambani, na watoto hutumwa maji. Kwa kawaida kazi hii hupewa aliye mdogo kuliko wote, au binti aliyetoka kijijini kuishi kwa shangazi yake ili asome, na hakuna anayemfundisha namna ya kuifanya. Huambiwa tu, "Osha vioo, wageni wanakuja." Baada ya saa moja vioo vimelowa, ukuta umelowa, sakafu imelowa, na jua linapopiga dirisha, michirizi myeupe inaonekana zaidi kuliko vumbi lililokuwapo mwanzoni.

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mtoto wa kutumwa, baadaye nikiwa mama mwenye nyumba. Naomba nizungumze nanyi juu yake kwa utulivu, kama watu wanaokaa pamoja chini ya mwembe baada ya Misa. Najua baadhi yenu mtacheka na kuuliza: je, tumekosa mambo makubwa ya kutafakari? Mambo makubwa tunayo, tena ya kutosha. Lakini kazi ndogo inayorudi kila mwezi humlea mtu kuliko hotuba anayoisikia mara moja kwa mwaka, na ndani ya kazi hii kuna mwanga, kuna maji, na kuna mgongo wa mtu aliyeyabeba maji hayo.

Nianze na mwanga. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilisimama chini ya dirisha linalotazama ziwa, dirisha la nako, yaani vile vipande virefu vya kioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki na kufunguliwa kwa mpini mmoja wa chuma. Mnaijua hali ya umeme wetu, baba hakuutegemea. Mwanga wa dirisha lile ulikuwa chombo chake cha kazi sawa na mkasi na sindano. Msimu wake mkubwa ulikuwa Agosti, wazazi wanapoleta vitambaa vya sare kabla shule hazijafunguliwa Septemba: shati jeupe, na suruali au sketi ya bluu iliyokolea. Ninyi mnaojua kushona mnafahamu kwamba uzi wa bluu juu ya kitambaa cha bluu hauonekani kirahisi hata kwa macho ya kijana. Na Agosti ni katikati ya kiangazi, wakati vumbi la barabara linapopanda hadi madirishani, na moshi wa mbabula unapokutana nalo na kuligeuza kuwa utando wenye mafuta. Hivyo katika mwezi uleule ambao baba alihitaji mwanga kuliko miezi yote, kioo chake kilikuwa kichafu kuliko miezi yote.

Utando huo ulipokuwa mzito, alilazimika kuacha kushona mapema jioni, au kuivuta cherehani hadi mlangoni na kuziba njia ya watu. Siku moja nilipomaliza kusafisha, aliketi, akautazama mshono wa sketi, akaniambia, "Mwanangu, leo umeniongezea saa nzima." Saa ile ilikuwa sketi moja zaidi, na sketi moja zaidi ilikuwa unga wa nyumba. Tangu wakati huo sikuweza tena kuamini kwamba kioo husafishwa kwa ajili ya wageni. Husafishwa kwanza kwa ajili ya yule anayefanya kazi mbele yake: fundi, mwanafunzi anayesoma kabla giza halijaingia, bibi anayechambua maharagwe wakati macho yake yameanza kufifia. Mgeni hufaidika akipita.

Sasa maji. Nyumba yetu haikuwa na bomba. Tulichota kwa jirani bomba lilipotoa, na lisipotoa tulishuka mtoni au ziwani kama watu wengine. Bidoni moja ya litri 20 ina uzito wa kilo 20. Na siku ya madirisha ilipofika, nyumba nyingi za mtaa wetu zilitenga bidoni tatu kwa kazi hiyo. Hizo ni kilo 60 zilizopandishwa kilimani, na mara nyingi aliyezipandisha alikuwa msichana ambaye bado alikuwa na daftari la kufungua jioni ile. Nimekuwa msichana huyo. Nakumbuka foleni ya alfajiri, bidoni zimepangwa kwa mstari kama watu wanaosubiri kuungama. Nakumbuka pia maji yale yakitupwa kwa kata juu ya kioo, yakitiririka ukutani na kuishia kuwa tope uani, hata kuku wakakimbia.

Na maji katika mji huu si suala la uchovu peke yake. Uvira imekijua kipindupindu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, nao ulionyesha jambo ambalo mama zetu walikuwa wakilisema bila takwimu: maji ya bomba yanapokatika, wagonjwa wanaopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu huongezeka katika siku zinazofuata. Sababu inaeleweka. Bomba likikauka, watu hurudi mtoni na ziwani, na wenye maji machache nyumbani huacha kunawa mikono kabla ya kuacha kupika. Kwa hiyo litri iliyomwagwa bure juu ya kioo siku ya uhaba ni litri iliyokosekana mahali pengine, labda kwenye mikono ya anayempakulia mtoto chakula. Ndiyo maana mtu akiuliza, "Nisafishe dirisha kwa kifaa gani?" mimi sioni kuwa anauliza habari ya urembo tu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba maji mengi hayasafishi kioo vizuri kuliko maji machache. Mara nyingi hukiharibu. Ili kuelewa sababu, litazameni ziwa letu. Mto Ruzizi hulijaza Tanganyika maji ya Ziwa Kivu, ambayo yana madini mengi kwa sababu ya ardhi yake ya volkano, na mto huo ndio unaoleta sehemu kubwa ya chumvi za ziwa letu. Maji yakishaingia, yana njia mbili tu za kutoka: kiasi kidogo hupitia mto Lukuga, kule Kalemie, na kiasi kikubwa zaidi hupanda angani yakiwa mvuke. Mvuke hauchukui madini. Maji huenda, chumvi hubaki. Ndiyo sababu maji ya Tanganyika, ingawa tunayaita matamu, yana magnesi na madini mengine kwa wingi, na pH yake hukaribia 9.

Jambo hilohilo hutokea juu ya kioo cha nyumba yenu. Tone likiachwa likauke lenyewe, maji hupaa na madini hubaki yakiwa doa jeupe. Ukimwaga ndoo nzima na kuliachia jua kazi ya kukausha, utakuwa umeondoa vumbi na kuweka madoa mahali pake. Basi siri yote ya kazi hii ni fupi: kusafisha kioo ni kuyaondoa maji kabla hayajakauka. Maji ni mchukuzi wa uchafu; ukimwacha njiani na mzigo wake, ataushusha palepale. Anayelielewa jambo hili hana haja ya bidoni tatu. Nyumba yangu ina madirisha matano, nami huyamaliza kwa litri mbili, na maji yanayobaki husafisha sakafu ya choo.

Sabuni nayo ina hesabu yake. Sabuni ya mche, ile inayotengenezwa kwa mawese, inapokutana na magnesi na kalisi ya maji magumu hugeuka utando mweupe usioyeyuka. Mnauona katika karai baada ya kufua, ukishikilia pembeni. Juu ya kioo utando huo huonekana kama ukungu, na watu huongeza sabuni wakidhani haikutosha, ukungu nao huongezeka. Tone moja au mawili ya sabuni ya maji katika litri moja yanatosha. Povu jingi halionyeshi usafi. Linaonyesha tu kwamba itabidi kusuuza tena, na kusuuza tena ni safari nyingine ya bombani.

Maji bora kwa kioo huanguka juu ya bati la nyumba. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba wala udongo, kwa hiyo karibu hayana madini, na sabuni kidogo hufanya kazi ndani yake bila ukaidi. Acheni mvua ilioshe bati kwa dakika kadhaa, maana mkondo wa kwanza hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kisha kingeni bidoni moja. Ifunikeni vizuri isije ikawa nyumba ya mbu. Ikiwekwa kivulini, itatumika kwa madirisha ya majuma mengi, na hakuna mtu aliyeibeba kutoka mbali. Kiangazi kikifika na mvua ikakoma, tumieni maji ya bomba, lakini kwa kipimo kilekile na kwa haraka ya kukausha.

Sasa vifaa. Cha kwanza ni kikavu: brashi laini, au ufagio mdogo wa nyuzi laini. Kabla tone lolote halijagusa dirisha, paguseni penye wavu wa mbu, penye nondo za antivoli, na pembe za fremu, mkianzia juu kushuka chini. Vumbi lililoloweshwa kabla ya kufagiwa huwa tope, na tope lina mchanga, na mchanga hukwaruza. Wavu wa mbu usafishwe kwa upole, kwa maana wavu uliochanika hauzuii kitu, na malaria haingoji tufanye hesabu. Ukiwa umejaa vumbi huziba hewa, na watu wa nyumba huishia kuufungua usiku kwa sababu ya joto.

Kuna hali moja inayogeuza kanuni hiyo, nayo tuliifahamu kwa machungu. Mvua kubwa za tarehe 16 na 17 Aprili 2020 ziliufanya mto Mulongwe kufurika; watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na mfumo wa maji ya mji ukavunjwa wakati uleule ambao kila mtu alihitaji maji ya kuosha. Nyumba zilizobaki zilikuwa na tope lililokauka juu ya vioo. Niliwaona vijana wakilikwangua kwa visu na kwa mawe, kwa bidii iliyonigusa moyo, na vioo vikabaki na mikwaruzo ambayo ingali inaonekana. Tope lililokauka lisikwanguliwe. Libandikeni kitambaa kilicholoweshwa, kiacheni hapo hadi tope lilainike, kisha lisukumeni chini bila kulisugua. Kitambaa kilicholowa hutumia maji kidogo kuliko ndoo, na uvumilivu wa robo saa huokoa kioo kisichoweza kununuliwa tena mwaka ule.

Kifaa cha pili ni kitambaa, na hapa ubaya hujificha katika wema. Watu huchagua kitambaa kipya kwa heshima ya kazi. Kumbe kitenge kipya bado kina wanga na rangi, na huacha alama. Naili haifyonzi. Kitambaa kinachofaa ni pamba iliyofuliwa mara nyingi hadi ikachoka: tisheti ya chaguwa isiyovalika tena, shuka la mtoto aliyekua. Viwe viwili, kimoja cha maji na kimoja kikavu, na visibadilishane kazi. Vitabu vya nchi nyingine husifu karatasi ya gazeti kwa kukaushia kioo, na ni kweli hufyonza vizuri wala haiachi nyuzi; lakini sisi gazeti tunaliona kwa nadra, na karatasi ya daftari ni ngumu na haifyonzi. Karatasi ya mfuko wa saruji msiiguse kabisa, maana imebeba chembe zinazokwaruza.

Cha tatu ni ule mpira ulionyooka katika mpini, ambao hapa tunauita rakleti. Wengi wenu mnaujua mkubwa, wa kusukumia maji sakafuni. Mdogo, wa dirisha, una historia inayofaa kusimuliwa. Ettore Steccone alikuwa mhamiaji kutoka Italia aliyesafisha madirisha mjini Oakland, California. Vifaa vya siku zile vilikuwa vya chuma kizito, vyenye skrubu nyingi za kufungua kila mpira ulipochakaa. Yeye aliyejua uzito wake kwa mkono wake mwenyewe akabuni kifaa chepesi cha shaba nyeupe chenye ukingo mmoja wa mpira, na mwaka 1936 akapata hataza yake. Mpaka leo wasafishaji wa majengo marefu duniani hutumia umbo lilelile. Napenda kuwakumbusha vijana jambo hilo: kifaa hicho hakikutoka kwa mkuu wa kiwanda, kilitoka kwa mtu wa ngazi na ndoo aliyeyaheshimu maumivu ya bega lake kiasi cha kuyafanyia fikra.

Rakleti hufaa kioo kipana kisichogawanyika. Loweka kioo kidogo, uweke mpira juu kabisa, uvute kwa mwendo mmoja usiokatika hadi chini, uufute mpira kwa kitambaa kikavu, kisha urudie pembeni, mstari mpya ukipanda kidogo juu ya ule wa kwanza. Kufuta mpira kila mara ndiko watu wanakokusahau, na huko ndiko michirizi inakotoka. Asiye na fedha za kununua anaweza kutumia mpira wa kufutia kioo cha gari, ule wa zamani ambao ukingo wake bado umenyooka, akaubana kati ya vijiti viwili vilivyolandwa sawa.

Kwa dirisha la nako, hata hivyo, rakleti haifai, kwa sababu vioo vyake ni vyembamba. Hapo kifaa ni mkono. Fungua vioo hadi vilale, kunja kitambaa kikumbatie kipande kimoja juu na chini, kisha kivute polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, mkono wa pili ukishikilia kipande chenyewe kisichomoke. Anza na cha juu. Usikivute kuelekea kwako, maana vishikio vyake vya alumini hupinda kwa urahisi, na kioo kitakachoteleza leo au kesho kitamwangukia mtoto. Kikivunjika, vipande vifungwe kwa karatasi nene na kuzikwa mbali. Tusivitupe mferejini, ambako watoto hupita miguu mitupu.

Madoa ya zamani yaliyoganda yana dawa yake sokoni. Juisi ya ndimu iliyochujwa, au siki, huyeyusha madini kwa asidi yake. Ipake, ingoje dakika chache, kisha isuuzwe vizuri, kwa sababu sukari ya ndimu huacha utelezi unaovuta vumbi. Utando wa mafuta wa moshi hausikii asidi. Huo hutaka majivu. Majivu ya kuni yana alkali inayolegeza mafuta. Yachekecheni kwa kitambaa hadi yawe laini kama unga, myachukue kwa kitambaa chenye unyevu, msugue kidogo, kisha msuuze. Yasikae juu ya alumini, maana alkali huila. Ile chupa ya dawa ya bluu inayouzwa madukani nayo hufanya kazi, kwa kuwa alkoholi yake hupaa bila kuacha kitu. Lakini kabla ya kuinunua, kila nyumba ijiulize fedha hiyo ingekuwa nini mezani.

Kuna onyo moja ambalo naomba mlipeleke nyumbani. Kwa sababu ya kipindupindu, nyumba nyingi zetu zina javeli. Javeli isichanganywe kamwe na siki wala ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaweza kuua. Mtoto anayeambiwa "osha vizuri" hukusanya kila chupa anayoiona na kudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Hana kosa, hakufundishwa. Javeli ina kazi yake kwenye vyombo, sakafu na choo. Dirisha haliihitaji.

Saa ya kazi nayo ni kifaa kisichonunuliwa. Kioo kinachopigwa na jua hukauka kabla mkono haujafika, na tumekwisha kuona maana ya tone kukauka lenyewe. Mji wetu umepewa utaratibu mzuri: jua huchomoza upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa, na jioni hujificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Kwa hiyo madirisha yanayotazama milima husafishwa asubuhi, na yanayotazama ziwa husafishwa alasiri, kivuli cha milima kinaposhuka juu ya mitaa huku anga bado ni nyeupe. Katika saa hiyo unaona kila doa, na hakuna joto la kukukimbiza.

Ndugu vijana, nimeeleza mengi kuhusu mpira na majivu, lakini nia yangu ni moja. Kila tunapochagua kifaa, tunachagua pia nani atagharamia. Anayeamuru bidoni tatu hagharamii; hugharamia mgongo wa binti aliyeko foleni. Anayenunua dawa ghali ili wageni wamsifu hugharamiwa na sahani za watoto wake. Anayetumia kikombe cha maji ya mvua, tisheti iliyochoka na mkono usio na haraka hujilipia mwenyewe, kwa umakini wake. Sioni kwamba mtu anaweza kumpenda jirani kwa maneno kanisani na wakati huohuo asijue maji ya nyumba yake yalitoka wapi na nani aliyabeba.

Nawaomba basi mfanye jambo dogo. Salongo yetu ya Jumamosi hushughulikia mifereji na barabara, na ni vema. Lakini katika kila jumuiya kuna mzee anayeishi peke yake, ambaye dirisha lake halijaguswa tangu mwenzake afariki. Nendeni wawili wawili. Msimwombe maji: chukueni chupa yenu ya litri mbili, brashi, vitambaa viwili, na rakleti kama ipo. Waulizeni kwanza ni dirisha lipi wanalokaa karibu nalo, mwanze na hilo, hata kama si lile linaloonekana barabarani. Mkikuta nyumba ambayo vioo vyake vilivunjika katika miaka hii ya vita na mahali pake pana ubao au karatasi ya plastiki, msiseme hapa hakuna kazi. Pangusieni plastiki hiyo kwa kitambaa laini chenye unyevu, maana kitambaa kikavu huikwaruza na kuitia ukungu. Na ubao mwutie mafuta kidogo kwenye bawaba ili mzee aweze kuufungua asubuhi bila kuhitaji nguvu asizonazo. Mwanga utakaoingia hapo hauna tofauti na ule unaopita katika kioo.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

Nyumbani kwenu nani huchota maji, kutoka wapi, na kwa saa ngapi kwa juma? Hesabuni pamoja, wavulana na wasichana kila mmoja kwa jina lake.

Ni kazi gani nyingine ya nyumba ambayo hufanywa kwa maji au kwa jasho jingi kuliko inavyohitaji, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuifundisha?

Katika jumuiya yenu, nani anafanya kazi au anakaa karibu na dirisha lisilopitisha mwanga, na ni Jumamosi ipi mtakwenda kwake?